Siku Niliyomfungia Mama Nyumbani

S.L.P. 318,
Kapsoit, Kericho.

13 Juni 2025

Mpendwa dada Mongina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini baridi ya huko Uingereza imepungua na mgongo wako hausumbui tena, maana najua kazi ya kuwainua wazee kutoka kitandani si mchezo. Watoto je? Sisi hapa tunapumua. Mvua ya mawe ilianguka wiki jana ikachana majani ya chai upande wote wa chini, kwa hiyo hatutachuma kwa muda. Mume wangu Oyaro bado yuko kwenye boila kiwandani. Moureen wetu yuko shule na anaendelea vizuri.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Lakini kwa simu nimekuwa nikikwambia tuko sawa. Nikisikia tu sauti yako, hayo maneno hutoka yenyewe. Kwa karatasi naweza kufuta, nikaanza tena, nikafika mwisho.

Dada, Mama hakuteleza akienda choo. Mkono wake ulivunjika kwa sababu yangu.

Unajua tangu kiharusi kimshike mwezi wa Novemba, tukamtoa Nyamira akaja kwangu, ni mimi ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza. Mwanzoni nilifanya kwa moyo. Halafu usingizi ukapotea. Nikawa niko katikati ya chai, mbali kabisa na nyumba, na bado nasikia ananiita. Nilikuwa namkaripia. Nikishamkaripia namwomba msamaha, na kabla ya saa moja kupita namkaripia tena. Sikumwambia mtu.

Ile Alhamisi ya Aprili nilikuwa nimebadilisha shuka mara tatu kabla ya saa sita. Nikamletea uji. Akakipiga kikombe kwa ule mkono wake mzima, uji ukatumwagikia sote wawili, akasema, "Niitie Mongina. Wewe hujui kazi."

Nilimpangusa. Nikaona mikono yangu inatetemeka, nikaiogopa, dada. Niliogopa kile ambacho ingeweza kufanya. Nikatoka, nikafunga mlango kwa kufuli, nikapita kwenye chai mpaka barabarani na kutembea hadi sokoni Kapsoit. Nilikaa kwenye benchi nje ya kinu cha kusaga unga, saa moja, pengine mbili, na nguo yangu imejaa uji. Watu walinisalimia nikaitikia. Nilikuwa nawaza gari la kwenda Nakuru. Mama sikumwaza hata kidogo.

Niliporudi nilimkuta sakafuni, nyuma ya mlango. Alikuwa amejikokota kutoka kitandani.

Hospitalini waliniuliza, nikasema ameteleza. Nikamwambia Oyaro hivyo hivyo, nikakwambia na wewe, ukanishukuru kwa kumtunza mama yetu. Asante yako ilinichoma kuliko matusi.

Kulikuwa na nesi mmoja pale ambaye hakuniuliza habari za Mama. Aliuliza mimi mwenyewe nalala vipi. Akaniandikia namba ya Bi. Molly Adongo, afisa wa ustawi wa jamii aliyesomea kushauri familia na watu waliolemewa na mawazo. Yuko Kisumu, lakini huongea na watu kwa simu ya video, hivyo sikuhitaji kumwacha Mama nisafiri. Hiyo karatasi nilikaa nayo mfukoni wiki mbili.

Tulianza mwezi wa Mei, kila Jumamosi saa kumi. Jirani yangu Fancy hukaa na Mama, nami naingia stoo ya kuni, maana ni hapo tu mtandao unashika. Mara ya kwanza nilimzungusha karibu saa nzima kwa habari za chai na karo. Hakunikatiza. Mara ya pili aliniuliza ni nani anayejua ninavyoishi. Nilitafuta jina, hata moja tu, nikakosa. Mtandao ukakatika nikiwa nalia. Akapiga tena. Nusura nisishike.

Mara ya tatu nilimwambia kuhusu kufuli. Hakushtuka, na hakunibembeleza pia. Aliniambia wazi kwamba kwanza Mama lazima awe salama. Akauliza nani yuko naye saa hiyo, na siku mikono ikianza tena nitamwita nani. Tukapanga nimwite Fancy, yeye aingie, mimi nitoke nje, na mlango ubaki wazi. Nimeshamwita mara mbili.

Jumamosi hiyo hiyo Oyaro alitoka kazini mapema akanikuta stoo. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Siri za nyumba yangu unampelekea mtu wa simu?" Hakupaza sauti. Nami sikubishana. Nilimweleza yote pale pale, Bi. Molly akiwa bado kwenye simu. Oyaro akaketi juu ya kuni. Siku ya tatu nilimkuta uani, mchana, anafua shuka za Mama na majirani wanaona. Unajua mila yetu, mkwe hawezi kumwogesha. Lakini shuka sasa anafua yeye.

Kuna na hili. Nimekuwa na hasira na wewe. Kila Mama akikuita, nilikuwa nasema moyoni kwamba wewe unawaogesha wazee wa watu, na ukimaliza unavua aproni unaenda kwako. Najua si haki. Najua hukuondoka ili kunitupia mzigo. Bi. Molly hakusema hiyo hasira ni mbaya. Aliuliza tu kama umewahi kuisikia kutoka kwangu. Ndiyo hiyo, umeisikia.

Jumatano wiki hii nilimwambia Mama. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Maneno yake bado yanatoka polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Nilisikia kufuli," akasema. Akapumzika. "Nikasema nikufuate."

Nilingoja anigombeze au anisamehe. Hakufanya hata moja. Akaomba uji, nikampa, akanywa wote. Lakini mpaka leo nikisimama haraka hunishika nguo, na mimi siwezi kumwambia asiogope.

Jumamosi tarehe 12 Julai, saa kumi kwetu, saa nane huko kwako, Bi. Molly ataongea na sisi wote pamoja. Mama atakuwepo. Oyaro pia. Nakuomba na wewe uingie kwenye simu hiyo. Usinitetee, na kama una hasira, ilete. Tunataka kukata shauri nani atamtunza Mama na kwa namna gani, kwa sababu mimi peke yangu siwezi. Nimekaa hapa nikilitazama neno hilo. Siwezi. Sijawahi kukuandikia wala kukutamkia, na sitalifuta.

Nisalimie shemeji Atuti na watoto wote. Fancy anakusalimu ingawa hamjaonana. Mama anasema ule vizuri. Mungu akulinde kazini, akupe mgongo wenye nguvu, na atupe sote moyo wa kusikilizana.

Mimi mdogo wako ninayekupenda, hata katika haya,

Phanice Kemuma