Kadoa Kekundu ka Katikati

Cape Town,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Kanini, mwiitu wa mwaitu, mtoto wa mama yangu,

Kama umesimama unaposoma hii, tafuta gunia la ndengu ukalie. Mko salama huko Kyuso? Goti la mama linaendeleaje, anatumia ile dawa ya kupaka ama ameiweka kwa sanduku pamoja na vitu vingine vyote anavyongojea vizeeke? Mvua imewafikia, ama imenyeshea majirani tu kama desturi yake? Na yule mbuzi mweupe aliyekuwa amevimba mguu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo inaumwa, na ugonjwa wenyewe naujua jina. Ni wivu, Kanini. Nimekuonea wivu, na wivu huo umenifanya nikukosee.

Najua utashangaa kupata karatasi na tunaongea kwa simu kila Jumapili. Kwa simu ungenikatiza. Ungesema "wacha hiyo maneno, dada," ungecheka, na mimi ningechukua hicho kicheko kuwa msamaha, nikate simu haraka. Kwa hivyo nimeandika, na nimempa Muthama, yule wa kwa mjomba, ambaye anarudi nyumbani wiki hii. Nimemwambia asiifungue. Ukikuta bahasha imechezewa, mwambie namjua tangu akiwa anaiba sukari.

Kwanza nieleze kazi yangu. Wewe unaijua, lakini hii sehemu msomee mama. Ile ya mbele usimsomee kabla hujaimaliza mwenyewe. Miaka yote nimewaambia hapo nyumbani kwamba "nafanya kazi ya nyota" nikawaacha mkidhani nakesha nikichungulia darubini. Ukweli ni kwamba naingia ofisini saa mbili asubuhi, nakaa mbele ya kompyuta, na saa kumi na moja natoka nikiwa na mgongo unaouma kama wa mtu aliyepalilia. Kazi yangu ni kuoanisha. Kuna antena kubwa huko jangwani ambazo zinanasa mawimbi ya redio kutoka angani, na zinatupa ramani iliyojaa madoa. Lakini doa la redio halikuambii limetoka kwa nani. Kwa hivyo unachukua picha ya sehemu ileile ya anga, iliyopigwa kwa mwanga huu wa kawaida tunaouona kwa macho, unailaza juu ya ile ramani, kisha unatafuta mwenye doa. Hili ni la galaksi gani, yaani la mji gani wa nyota? Ukimkosa mwenyewe, kila hesabu inayofuata ni bure.

Sasa kompyuta ina tabia yake. Kila doa inalichagulia galaksi inayong'aa iliyo karibu zaidi, basi. Mara nyingi inapatia. Lakini kuna galaksi zinazotema moto pande mbili, huku na huku, mbali sana na kwao, hadi madoa yenyewe unayakuta yamekaa mlangoni kwa watu wengine kabisa, na mwenye kuyatema yuko katikati, amefifia, hana habari. Hapo kompyuta inakosea kama mchungaji mgeni kisimani, anayempa kila mwanambuzi yule mama aliyesimama karibu. Ndiyo sababu tunaomba watu wa kawaida, popote walipo, waangalie hizo picha kwa simu na watuambie wanachoona. Wakipingana na kompyuta, ule mzozo unaletwa kwa meza yangu, na mimi ndiye nasema nani mkweli.

Ule mtandao wa hizo picha ni mimi nilikutumia. Ulinishukuru sana, na sikustahili, kwa sababu sikukutumia ujifunze. Nilikutumia uone vile kazi yangu ni ngumu. Ulikuwa umesema kwa simu, ukicheka, ati mimi nalipwa kuangalia picha. Iliniuma, nikasema wacha aonje.

Nilipaswa kujua utaiweza. Si ni wewe ulikuwa unapanga viatu Makindu? Unakumbuka likizo tulizokuwa kwa shangazi, tukienda kwa hekalu la Kalasinga, wale Wahindi wa vilemba, kula chapati na dengu pamoja na wasafiri, na watu wote wanavua viatu mlangoni. Ulikuwa na miaka sita. Uliketi kwa ngazi, na kila aliyetoka ulimpa viatu vyake, kushoto na kulia, kabla hajainama kutafuta. Yule mzee mlinzi akawaita wenzake waje waone. Mimi nilikuwa na kumi, nilikuwa namba moja darasani, na hakuna aliyeniita nionwe. Siku iliyofuata nilitangulia kabla hujafika nikavichanganya vyote. Ulivipanga tena, hata hukuuliza ni nani.

Basi. Wiki ya kwanza kwa mtandao uliniuliza maswali, nikakujibu kwa sauti ya mwalimu mkuu. Wiki ya tatu hukuwa na swali lolote, na hapo ndipo wivu ulianza kunishika. Nilikuona kwa akili yangu, umeketi mlangoni pa stoo unaponunulia ndengu za wakulima, ambapo mtandao unashika, mkulima mmoja ameenda na mwingine hajafika, na wewe unachagua galaksi vile unavyochagua mawe kwa ndengu, bila haraka. Mimi nimesoma hadi macho yakaniingia ndani. Nimeacha nyumbani, nimelala na soksi mbili, nimekula mkate baridi miaka na miaka, ili nikalie kiti mbele ya picha zilezile. Na jina ulilojiandikisha, KaniniWaNdengu, likaanza kuonekana kwa mizozo yangu. Nikifungua, nikiangalia, uko sahihi. Nafungua ingine, uko sahihi tena. Lindiwe, msichana wa Durban ambaye meza yake iko karibu na yangu, akaniuliza kama namjua huyu Kanini anayeongoza orodha ya wanaopatia, maana ana macho makali. Nikasema simjui. Tumenyonya ziwa moja, na nikasema simjui.

Halafu ikaja ile picha. Unaijua ni gani. Madoa mawili makubwa, moja kushoto, lingine kulia, kila moja karibu na galaksi nzuri inayong'aa. Kompyuta ilikuwa imeshayagawa, na kila mtu aliyeiangalia alikubali. Wewe peke yako ulikataa. Ukaandika kwa Kiswahili, kana kwamba ulijua ni mimi nitasoma: "Haya mawili si ya hao wawili. Ni ya hako kadoa kekundu ka katikati. Ona vile yanaangaliana."

Hako kadoa ningeweza kukapangusa kwenye kioo cha kompyuta nikidhani ni vumbi. Lakini nikuambie ukweli, Kanini. Kama maneno hayo yangeandikwa na Mjerumani nisiyemjua, ningeyaangalia mara mbili. Kwa vile ni wewe, niliangalia mara moja, na hiyo moja nilikuwa natafuta kosa. Nikabonyeza kuikataa. Halafu, kwa sababu hata hiyo haikunitosha, nikakuandikia kwa simu: umekosea, usilazimishe vitu, rudi kwa ndengu. Ukanijibu, sawa dada, asante.

Wiki tatu baadaye ikaletwa ramani mpya ya sehemu hiyo, safi kuliko ile ya kwanza. Lindiwe ndiye aliifungua, akaita watu. Kutoka kwa hako kadoa kekundu kulikuwa na uzi mwembamba ukienda kushoto, na mwingine kulia, hadi zikashika madoa yote mawili. Ni galaksi moja, Kanini, jitu la galaksi, kubwa hivi kwamba watu waliohesabu ukubwa wake walirudia hesabu. Mkubwa wetu, mzee mpole anayevaa sweta moja mwaka mzima, akauliza kama kuna mtu aliyekuwa amekaona kabla. Maandishi ya mizozo ya kipande kile huyaona mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Wote walikuwa wananiangalia. Nikasema kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekashuku hako kadoa.

Wakapiga makofi. Kile kipande cha anga ni changu, kwa hivyo wakaniandika mimi kuwa niliyegundua. Mtu akaleta keki. Siku tatu nilikuwa mgunduzi, na sitakudanganya kwamba nilikosa usingizi. Nililala vizuri sana. Ilikuwa tamu. Nilitembea barabarani nikiona kama watu wananijua.

Jumatano nikapata ujumbe wako. Nimeusoma mara nyingi hadi nimeukariri: "Dada, ile picha nimeirudia tena na tena. Umesema nimekosea na nakuamini, lakini sioni ni wapi. Nionyeshe, ndio nisirudie."

Ungedhani hapo nililia. Nilikasirika. Nikaenda kujifungia chooni. Nilikuwa nimekuibia, na wewe ukaja kuniomba nikufundishe. Hukunipa hata nafasi ya kukuchukia vizuri. Na vitu vyote nilivyokuwa nimevimeza tangu utoto vikarudi. Kwamba mimi ndiye kifungua mimba, lakini mama akitaka kuniita anaanza na jina lako. Kwamba baba akienda kutenganisha mbuzi kisimani alikuwa anakuchukua wewe, na mimi nabaki na vitabu, na watu wakisema Mumbua ana bahati, ana vitabu. Kwamba kila ninayemwambia habari zako ananiuliza zaidi. Kwamba hujawahi kunionea wivu hata siku moja, na nimekupa sababu nyingi za kunionea.

Nilikaa hapo hadi mtu akabisha. Nikarudi kwa meza, nikaifungua ile picha nitafute pa kukuonyesha umekosea, hata padogo. Hapakuwa na mahali. Nikaangalia hako kadoa kwa muda mrefu, mara ya kwanza nikikaangalia kama mtu anayetaka kuona, na kweli, yale madoa yanaangaliana. Mtoto mdogo angeona. Mimi sikuona, kwa sababu niliyekuwa namwangalia ni wewe.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mkubwa na kumwonyesha maandishi yako na tarehe yake, na chini yake jina langu nikiikataa. Nikamwambia pia wewe ni nani. Aliyasoma hadi mwisho. Halafu akasema nimeondolewa kwa mizozo kwa sasa, na kwamba Lindiwe atapitia kila uamuzi niliofanya mwaka huu, mmoja mmoja, aone ni wangapi wengine niliwakosea. Mkataba wangu utazungumziwa mwezi ujao. Sijui utaendaje. Mama akiuliza, mwambie niko kazini, maana kwa leo ni kweli.

Lindiwe hajanisemesha tangu hapo. Namwelewa.

Jina langu limefutwa mahali pa mgunduzi na lako limewekwa. Utapata barua pepe kutoka kwao, ya Kiingereza kirefu. Tafadhali usiifute ukidhani ni matapeli. Wanataka jina lako lote, vile liko kwa kitambulisho, na mahali unapoishi, ili liandikwe kwa makala ya kitaalamu pamoja na majina ya wengine. Waandikie Kyuso. Usiwaandikie Kenya tu.

Nisalimie mama, umwambie apake dawa. Msalimie shangazi wa Makindu ukipiga simu, na mjomba mwenye hoteli Mtito Andei, umwambie supu ya huku ni maji na chumvi. Habiba wa duka la jirani, anayekuchajia simu, mpe salamu za pekee, kwa sababu bila huo umeme wake hatungefika hapa, mimi na wewe. Na mke wa mchungaji mwombe aniombee, lakini usimwambie ni ya nini. Sijakuomba msamaha popote kwa barua hii, nimeona sasa nikiisoma tena. Nakuomba.

Kuna jambo moja la Ijumaa niliruka. Nilikuwa nimeshashika mlango nitoke, mkubwa akaniita. Akaniuliza kwa upole, "Huyu dada yako, ni wewe ulimfundisha?" Nadhani alinihurumia, alitaka kunipa kitu kidogo nisitoke mikono mitupu. Na haingekuwa uongo mkubwa, maana si ni mimi nilikutumia mtandao? "Ndiyo" ilikuwa imeshafika kwa meno. Kanini, sijawahi kutaka kitu vile nilitaka hilo neno.

Nikamwambia, "Hapana. Mimi nilimwambia amekosea."

Ni mimi dada yako mkubwa, na wivu bado ninao,
Mumbua