Baba Amenijibia Barua ya Kazini

Jumatano, Itigi. Upepo tangu alfajiri, ule wa baridi unaokausha midomo na kuingiza vumbi hadi kwenye sufuria. Sina hamu ya kula wala ya kuonana na mtu. Naandika kwenye daftari. Kesho nikifika Singida mjini nitayachapa haya kwenye internet kafe.

Niseme ukweli hapahapa mwanzoni. Nadhani nimepoteza kazi ya urubani, na aliyenipotezea ni baba yangu mzazi, mtu ambaye hajawahi kunitakia baya hata siku moja.

Kwa msionijua, mimi ni rubani msaidizi. Yaani nilikuwa. Nilikaa kiti cha kulia kwa miezi kumi na moja, na niliipenda kazi ile hata siku za kuruka ndani ya mvua kubwa. Kisha shirika likapata mwekezaji, mwekezaji akaja na watu wake wa mahesabu, na kila kikao kikawa ni kubana matumizi. Kwanza waliondoa soda na karanga za abiria, tukacheka. Baadaye ndege mbili za kukodi zikarudishwa kwa wenyewe, na kicheko kikaisha. Sisi tisa tulioajiriwa mwisho tuliambiwa turudi makwetu tusubiri kuitwa.

Nina miezi mitano nasubiri.

Kusubiri kwa rubani si sawa na kusubiri kwa karani. Karani akirudi ofisini baada ya mwaka anakuta kiti chake na kalamu yake. Rubani asiporuka, karatasi zake zinakufa moja moja. Cheti changu cha afya kinaisha mwezi ujao. Baada ya hapo kuna mtihani, unafanyiwa kwenye mashine ya mazoezi ya kurusha ndege, nje ya nchi, na shirika linalonyima abiria karanga halitanilipia mimi tiketi ya kwenda kwenye mtihani. Hapa mtaani hakuna anayeyajua hayo. Wananiona nimerudi, nimenenepa kidogo, wanasema hiyo ndiyo likizo ya wakubwa. Mama mmoja muuza asali pale sokoni ameniomba siku nikipita juu ya Itigi nimpungie mkono. Nimemwahidi. Nimeahidi mambo mengi ya kijinga mwaka huu.

Sasa barua. Iliingia wiki mbili zilizopita kwenye sanduku la posta la baba, wakati mimi niko Mtinko kwa shangazi, tunavuna alizeti. Kurasa mbili za Kiingereza. Ya kwanza ilieleza kwamba shirika linawapa nafasi wafanyakazi wanaotaka kuondoka kwa hiari. Ya pili ilikuwa fomu. Anayekubali kuondoka aisaini na kuirudisha. Anayetaka kubaki kwenye orodha ya wanaosubiri asifanye lolote, akae kimya.

Hilo la kukaa kimya ndilo lililotumaliza, maana baba yangu hawezi kukaa kimya mbele ya karatasi.

Baba alikuwa msaidizi wa stesheni masta hapahapa Itigi karibu maisha yake yote ya kazi, mpaka reli nayo ilipopunguza watu. Reli yetu ni ya njia moja. Treni haiondoki mpaka kituo cha mbele kiulizwe na kijibu, na jibu liandikwe, litiwe saa na sahihi. Ujumbe usiojibiwa maana yake treni mbili zinaweza kukutana uso kwa uso. Ndivyo alivyotulea nyumbani. Barua ya mjomba ilijibiwa siku hiyohiyo. Hata kadi za harusi anaziandika nyuma saa zilipoingia, na ukimcheka anakuuliza wewe ulipokea saa ngapi.

Basi akafungua barua yangu. Ruhusa alikuwa nayo, nilimwambia mwenyewe afungue chochote kitakachotoka kazini. Kiingereza chake ni cha reli, hakikumfikisha mwisho wa ukurasa. Akaona pa kutia sahihi, akasaini jina lake, pembeni akaandika imepokelewa Itigi, saa nne na dakika arobaini, akaipeleka posta ikaondoka siku ileile. Nakala alibaki nayo kwa karatasi ya kaboni, kama zamani kazini.

Niliporudi Jumapili alinisimulia kwa furaha, tukiwa tunakula. "Nimeshawajibu, mama," akaniambia. "Wataona umetoka kwenye nyumba yenye nidhamu."

Niliomba kuiona nakala pamoja na ukurasa wa kwanza wa barua, aliobaki nao. Nikaisoma nimesimama. Nilimshukuru, nikatoka nje.

Jumatatu nikapiga simu makao makuu. Dada wa ofisi ya utumishi alikuwa mpole, afadhali angekuwa mkali. Fomu imefika, jina la ukoo ni lilelile, hawakuangalia zaidi ya hapo, na jina langu limeshatolewa kwenye orodha. Nikamweleza yote. Akaenda kuuliza, akarudi. Inawezekana kutengua, alisema, kama aliyesaini ataapa mbele ya hakimu kwamba alitia sahihi karatasi isiyo yake bila idhini ya mwenyewe, na kiapo hicho kiwafikie kwa faksi kabla ya Ijumaa mchana. Nikamuuliza, nikirudishwa kwenye orodha nina matumaini gani? Akasema hata yeye hajui kama mwezi ujao atakuwepo pale. Mwenzangu mmoja, rubani niliyeajiriwa naye pamoja, ananiambia watabakizwa wawili kati ya tisa, na wawili hao tayari wanajulikana.

Nimekaa na jambo hili kifuani siku mbili. Baba hajawahi kuandikiwa kosa kazini, na anajivunia hilo kuliko nyumba hii aliyoijenga. Nami nimpeleke kwa hakimu, mbele ya karani ambaye ni mtoto wa jirani yetu, aape kwamba alisaini kisicho chake. Kuna wakati niliamua niache, nikafundishe hisabati sekondari, maisha yaende. Na kuna wakati nilimchukia. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimchukia baba yangu kwa muda wa kuchota ndoo moja ya maji, kisha nikajichukia mwenyewe, na hiyo haijaisha.

Leo baada ya chakula cha mchana nikamwambia. Mama alikuwa anapeta mtama, akaweka ungo chini. Baba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza swali moja tu.

"Wenzako walijibu?"

Nikasema hapana, baba, walikaa kimya. Akatazama mikono yake. Kisha akaomba karatasi na kalamu.

Kule reli, anasema, mtu akikosea aliandika taarifa yake mwenyewe kabla hajaulizwa. Aliandika kwa karibu nusu saa. Nimeisoma mara nyingi mpaka imeniingia kichwani: Mimi, niliyekuwa msaidizi wa stesheni masta, nilijibu ujumbe ambao haukuwa wa kituo changu. Mwenye ujumbe hakuwepo. Kosa ni langu peke yangu. Chini yake sahihi, na saa.

Nilishindwa kumtazama usoni.

Sasa jua linazama, naye yuko uani ananyoa ndevu kwa ajili ya kesho. Mama ameshalipiga pasi shati lake jeupe. Wanaongea Kinyaturu kwa sauti ya chini lakini dirisha liko wazi, nawasikia. Anamwambia Mama kwamba kesho akishaapa, binti yao atarudi kurusha ndege. Mama anamuuliza kama ana hakika. Anajibu kwamba wakubwa wenyewe wamesema hivyo.

Hawakusema hivyo. Mimi ndiye niliyemwacha aelewe hivyo, kwa sababu nisingepata nguvu ya kumwomba aape kwa ajili ya nafasi tu kwenye orodha ya kusubiri. Tunaondoka nyumbani saa mbili asubuhi, kwanza mahakamani, halafu basi la Singida kutafuta faksi. Nina usiku mzima wa kumwambia ukweli, na najijua, sitamwambia.