Usingizi wa Daktari Haukula Akili Yangu

“Dawa ya usingizi inakula akili.” Ndivyo baba yako anavyosema, Nyangeta, akikataa kupasuliwa mshipa wa kichwani. Sisi huku Butiama wazima, na mimi babu yako napinga!

Nilipopasuliwa mshipa kama huo, mtaalamu wa usingizi alinieleza dawa aliyonichagulia. Kweli, siku za kwanza nilichanganya majina ya watoto. Wiki ya tatu kaka yangu Marwa akanipima kwa ukoo wa ng'ombe wetu.

“Mama yake Madoa ni nani?”

“Yule mweusi tuliyemnunua Bunda.”

“Umekosa! Ni mwekundu.”

“Mwekundu alikufa Madoa hajazaliwa. Kwani aliyepasuliwa kichwa ni nani, mimi au wewe?”

Wote waliokuwa zizini wakaangua kicheko.

Msomee baba yako barua hii kwa sauti: mwanangu, kesho kamuulize mtaalamu wa usingizi maswali yako yote, kisha utie saini ya kukubali upasuaji.