Picha Mbili za Tumpe

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepika ndizi, nimefagia, nimepiga pasi shati la Amba mara mbili ingawa lilishanyooka. Raha tu ya kugusa shati lake. Miezi miwili ya ndoa, na bado akibisha hodi moyo unaruka.

Keshokutwa tunasafiri kwenda Dar! Amba ameajiriwa na madaktari wanaotafiti jinsi ubongo wa watoto unavyokua. Watoto wa huku kwetu Tukuyu watapigwa picha za ubongo kwenye mashine ya hospitali moja ya binafsi. Mimi nasindikiza wasichana. Mmoja ni wifi yangu Tumpe, miaka kumi na mitatu. Mpole, na hesabu anazila kama karanga. Baba mkwe amemtengea dume la ng'ombe. Likiuzwa, Januari anaingia sekondari ya kulipia, Mbeya.

Ijumaa, 8 Agosti
Dar. Joto! Mashine ni kama pipa kubwa lililolazwa. Inagonga kama mafundi bati. Nilivuliwa pete ya ndoa, maana mashine haitaki chuma karibu. Nililia kidogo. Amba akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Jamani, mume huyu!

Nilisimama miguuni pa Tumpe, naiwaza pete. Sauti ya daktari ikawa inatoka kwenye spika: "Hujambo, Tumpe? Vumilia, mwanangu." Kila akisemeshwa, Tumpe anainamisha kichwa. Ndivyo tulivyolelewa wote: mkubwa akinena, kichwa chini. Hata ndani ya pipa! Alinipendeza. Adabu ya kijijini kwao Kawetele hiyo.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya ibada, Kawetele kwa wakwe. Nilikaa jikoni na mama mkwe. Baba mkwe ameshika mila: mke wa mwanawe haonani naye, hamsemeshi, nikimwona njiani napinda migombani. Jina lake silitaji. Hata hapa siliandiki. Wengi kanisani wameacha, yeye hapana. Mama mkwe hunitania: "Wewe wa sekondari, usije ukamtolea mzee macho akaanguka."

Kupitia ukutani nikamsikia Amba akimwambia baba yake kwamba ameona picha ya Tumpe kwenye kompyuta. Gamba la ubongo wake, lile tabaka la juu, jembamba kuliko la wenzake. Alitoa habari kwa fahari, kama mtu aliyetumwa na serikali. Kumbe hakuruhusiwa kusema. Nikasikia kiti cha mzee kikisogezwa.

Tukirudi nilimuuliza Amba kama kule kuinamisha kichwa hakukuharibu picha. Akasema mashine ile imetoka Ulaya, haidanganyi. Akanishika mkono. Nikaacha kufikiri.

Jumamosi, 4 Oktoba
Mahari yangu imekamilika! Dume limefika kwa baba yangu, Igogwe. Vigelegele, wali, watu wamejaa uwanjani. Mama mkwe akanikumbatia: "Sasa u wetu hadi ukucha." Nikacheza mpaka kilemba kikadondoka.

Halafu nikaona nani ameshika kamba ya dume. Tumpe. Dume lenyewe ni lile lake.

Baba mkwe amesema shule ya kulipia si ya ubongo mwembamba. Tumpe hakulia. Aliinamisha kichwa tu. Nikaweka sahani ya wali chini. Nimeolewa kwa shule ya mtoto.

Jumanne, 18 Novemba
Dar tena. Watoto wote wamepigwa picha ya pili. Madaktari wanataka kujua kama mashine itasema vilevile juu ya mtoto yuleyule. Daktari ni mama mmoja mpole. Alimwambia Tumpe kuwa picha ya kwanza ilikuwa na mawimbi. Safari hii, hata akisemeshwa asiitikie, asitikise kichwa. Si utovu wa adabu. Tumpe alimtazama kama aliyeambiwa avue nguo kanisani. Kisha akalala tuli kama gogo.

Gamba si jembamba. Liko kama la wenzake.

Nilipomwambia yaliyosemwa nyumbani, daktari akaeleza: mtoto akitikisika, ubongo huonekana mwembamba kuliko ulivyo. Na watoto hutikisika kuliko watu wazima, kwa hiyo ni rahisi kuwasingizia. Na hata picha nzuri haisemi nani asome na nani asisome. Akauliza kwani nani aliyetoa habari za picha ya kwanza? Amba akatazama sakafu.

Sikumshika mkono.

Jumapili, 23 Novemba
Amba hathubutu kumwambia baba yake. "Nitaanzia wapi, mke wangu?" Njia nzima kwenda Kawetele anarudia hilo.

Mimi ndiye niliyeona kichwa kikiinama. Baba mkwe alikuwa ameketi uwanjani. Mimi nyuma ya ukuta wa jiko, nimegeukia migomba. Kuku mmoja anachakura. Nikapaza sauti: "Wewe kuku, sikia. Picha ya Tumpe iliharibika kwa sababu ya adabu aliyofunzwa hapa nyumbani. Ya pili imetoka safi. Ubongo wake mzima. Niliona tangu Agosti, nikanyamaza."

Mama mkwe akadondosha mwiko.

Kisha sauti ya mzee, mara ya kwanza kuelekezwa kwangu: "Kuku, mwambie aliyekutuma. Maneno haya yangekuja Septemba, dume lingekuwa zizini."

Baba yangu alishaliuza. Ameezeka bati.

Najuta. Mkono ule ungeshikwa baadaye. Ningeuliza kwanza hadi mwisho.

Jumatatu, 12 Januari
Shule zimefunguliwa. Mvua tangu alfajiri. Wasichana wa sare mpya wamepita na masanduku yao ya bati kuelekea stendi.

Tumpe anachuma chai. Jumamosi huja kwetu tukafanya hesabu mezani. Amba hupika uji, hasemi mengi. Bado nampigia pasi shati. Mara moja tu.

Jana baba mkwe alimwambia kuku kwamba mtamba ana mimba. Hakusema ndama atakuwa wa nani.

Leo asubuhi nilikutana na Tumpe njiani, kikapu mgongoni, maji yanamchuruzika usoni. Nikamsalimu. Akainamisha kichwa.