Mama wa Saruji

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kilole tu wazima, ila babu yako kifua kinamsumbua. Picha uliyopiga Roma, ya jeneza la mawe la Wakristo wa kale, imefika. Unauliza kwa nini yule mama aliyechongwa juu yake, ameinua mikono kusali, hakuchongwa uso. Ya Warumi siyajui. Najua ya baba yangu.

Mama alipofariki, baba alimtengenezea sanamu ya saruji kaburini, mikono juu vilevile. Uso ulimshinda, kila akiuanza, analia. Wakati wa ujamaa, tulipohamishiwa Kwaluguru, alikataa kuiacha. Akaifunika khanga ya mama, akaipakia kwenye lori katikati yetu. Tulipofika, kijana wa kamati ya kijiji akaja kutuamkia mmoja mmoja, mpaka akaifikia sanamu.

“Shikamoo, mama.”

Tuliona aibu kumwambia kuwa ni saruji.

“Marahaba, mwanangu.”

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefungua mdomo; sauti ilitoka chini ya khanga. Kijana akapita, akaendelea kuamkia wengine. Baba alilia sana, lakini uso ule hakuugusa tena.

Ukienda tena pale, mwamkie yule mama. Halafu usiwe na haraka ya kuondoka.

Bibi yako