Magoti ya Kuomba Kura

Kamwene, mjukuu wangu Neema,

Huku Mafinga hatujambo. Babu yako bado anakohoa, lakini ukimkataza kwenda kupasua mbao anakununia siku nzima.

Umeniuliza kuhusu yule mama wa huko Seoul, aliyekuwa jaji na sasa anagombea ubunge, aliyesujudu kwenye lami mbele ya wapiga kura. Je, anajidhalilisha? Mila za Wakorea sizijui. Nikusimulie yangu.

Nilikuwa wakili kijana nilipogombea udiwani hapahapa. Kwenye mkutano wa kampeni, wagombea wenzangu, wanaume watupu, walipiga magoti kuomba kura. Ilipofika zamu yangu nikasimama wima. Mzee mmoja akafoka, "Piga magoti! Mwanamke gani wa Kihehe wewe?"

Nikamjibu, "Baba, kukusalimia nitapiga magoti hata sasa hivi. Ila kura siombi kwa magoti. Mahakamani nawatetea nimesimama, na huko barazani nitawasemea nimesimama."

Wakanizomea. Bibi mmoja tu, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, ndiye aliyenipigia kigelegele.

Nilishindwa vibaya. Uchaguzi uliofuata nikarudi uwanja uleule, nikasimama vilevile, nikashinda. Matokeo yalipotangazwa nikapita katikati ya watu hadi kwa yule muuza ulanzi, nikapiga magoti kwenye tope na gauni langu jipya. Nikamsalimia, "Kamwene, bibi."

Kwa hiyo huyo mama usimpime leo. Subiri ashinde, uone atampigia nani magoti.

Bibi yako