Siku Niliyozuia Tanuru Lisiwashwe

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba, salamu zako zimefika. Goti la babu yako limepoa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama.

Unasema umebuni kitu kwenye kompyuta kinachokagua programu yenu ya matangazo ya mtandaoni kabla haijatoka, na kikiona kosa kinazuia yote. Juzi kilizuia, wenzako wakakununia. Nilipofika uliposema kosa lilikuwepo kweli, nilishusha pumzi. Sasa unauliza kama niliwahi kusimamisha kazi ya watu.

Niliwahi, hapa Kenyamonta, nikiwa msichana. Majirani walikuja risaga, ile kazi ya kusaidiana, kuchoma matofali ya darasa. Pombe yao ilikuwa tayari, kwa hiyo walitaka moto uwake upesi. Nikachomoa tofali moja, nikalivunja. Ndani bado ni tope. "Msiwashe!" nikasema. Kijana mmoja akanifokea mbele ya wote. Baba akavunja la pili, akaanza kupangua tanuru.

Tulichoma yalipokauka, na halikupasuka hata moja. Darasa bado limesimama. Kijana yule ndiye babu yako, na kila tukipita pale huniambia, "Hilo nililijenga mimi."

Namwacha aseme.

Bibi yako